Keria kwenye baiskeli ya breki za diski: tatizo likitokea, anzia kona ya chini kushoto

Keria ya nyuma ikianza kusumbua kwenye baiskeli ya breki za diski, iwe ni kelele, kuyumba, breki kushika yenyewe au bolti kulegea kila mara, anza kuangalia kona moja: chini kushoto, pale mguu wa keria unapokutana na fremu. Kalipa ya breki, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, nayo imekaa hapo hapo. Vitu viwili vinagombea nafasi ya milimita chache, na dalili nyingi zilizoelezwa hapa zinatokana na jinsi ugomvi huo ulivyoamuliwa.

Mafundi wetu wengi walijifunza keria kwenye baiskeli za chuma za Phoenix na Black Mamba. Kule kazi ni nyepesi: miguu ya keria inavikwa kwenye eksele, nati zinakazwa juu yake, mzigo unashukia kwenye chuma kitupu, na gunia la mkaa linapanda. Baiskeli nyingi za mtumba tunazonunua sasa kwa ajili ya kwenda kazini ni za namna nyingine. Fremu ni ya alumini, eksele ina tundu katikati linalopitisha kwiki-rilizi (fito yenye mkono wa kufunga na kufungua gurudumu bila spana), na keria inafungwa kwa bolti ndogo za M5, yaani za unene wa milimita 5, kwenye matundu yenye nyuzi yaliyo juu kidogo ya eksele. Ukikata bati na kulibana chini ya nati ya kwiki-rilizi ili lishike mguu wa keria, nati inapoteza nyuzi za kushikia. Siku utakapokamata breki kwa nguvu, gurudumu linaweza kuhama mahali pake. Ujuzi ule ni mzuri, ila hauhamishiki hivyo ulivyo.

Kalipa yako imekaa wapi?

Chuchumaa upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Utaona mabomba mawili ya fremu yanayokutana kwenye eksele: moja linalala kuelekea pedali, jingine linapanda kuelekea siti. Ikiwa kalipa imejificha katikati ya mabomba hayo, ndani ya pembetatu, keria karibu yoyote itakaa bila vita. Ikiwa imepanda juu ya bomba linaloelekea siti, kwa upande wa nyuma, basi iko kwenye njia ya mguu wa keria, na utahitaji kusoma sehemu inayofuata kwa makini.

Angalia pia kama breki ni ya mafuta au ya waya. Kalipa ya waya ina kimkono cha nje kinachovutwa kila unapokamata breki. Kimkono hicho kinatembea, kwa hiyo pima nafasi yake kikiwa kimevutwa na pia kikiwa kimeachiwa.

Mguu wa keria unagonga kalipa, au hauingii kabisa

Sababu ni moja tu: keria ilitengenezwa kwa ajili ya fremu isiyo na diski. Miguu yake inashuka wima ikikaribiana na fremu, na kalipa imechomoza nje.

Dawa iliyo bora ni keria ya diski. Miguu yake imepindwa kiwandani kwenda nje, au kikanyagio chake, ile ncha ya chini ya mguu yenye tundu la bolti, kimesogezwa nyuma ili kuipita kalipa. Topeak wanatengeneza keria za namna hiyo, na Tubus wana iitwayo Disco, ambayo hushikwa kwenye kwiki-rilizi yake maalumu, ndefu kuliko ya kawaida, hivyo nati haipotezi nyuzi. Ukiikuta kwenye mtumba, ichukue ikiwa na kwiki-rilizi yake. Bila hiyo ni chuma tu.

Dawa ya pili, ambayo ndiyo wengi wetu tutaitumia, ni bushi. Hii ni kipande cha bomba gumu kinachokaa kati ya fremu na mguu wa keria ili kuusogeza nje. Iwe ya alumini au chuma, tundu lake liikaze bolti bila kucheza, na unene wake wa nje uwe milimita 10 au zaidi ili ipate uso wa kukalia. Usirundike washa saba, wala usitumie kipande cha bomba la plastiki la maji. Plastiki inabonyea polepole, bolti inabaki imelegea, na utadhani bolti ni mbovu.

Urefu wa bolti upige hesabu, usikisie. Chukua bushi ya milimita 10, kikanyagio cha keria milimita 5, washa milimita 1, na nyuzi za fremu milimita 7. Jumla ni 23, kwa hiyo bolti ya M5 yenye urefu wa milimita 25 inafaa, ikiwa ile milimita 2 inayotokea kwa ndani haigusi kitu. Hapo kwa ndani ndipo wengi wanapojisahau. Upande wa kushoto diski inazunguka karibu sana na fremu, na ncha ya bolti iliyozidi inaweza kuikwaruza. Zungusha gurudumu ukitazama kwa tochi kabla hujaridhika.

Bushi ikishazidi milimita 15 hivi, mimi huacha na kutafuta keria nyingine. Sababu yake utaiona kwenye sehemu ya bolti zinazokatika.

Weka bushi za urefu sawa pande zote mbili, kama upana wa keria unaruhusu. Ukiweka kushoto peke yake, keria inapinda na kukaa upande, na mkoba wa kulia unaikaribia cheni. Ukimaliza, kata kadibodi ya boksi yenye unene wa milimita 4 au 5 na uipitishe kati ya mguu na kalipa toka juu mpaka chini. Isipopita mahali fulani, hapo patagongana barabarani, kwa sababu keria yenye mzigo inanepa kila unapopanda tuta.

Usiukunje mguu wa keria ya alumini kwa nyundo. Ya chuma inakubali kupindwa kidogo ikiwa baridi. Ya alumini inapasuka, mara nyingine wiki kadhaa baadaye. Wala usichonge kalipa au kishikio chake kwa tupa ili kupata nafasi. Keria inaweza kusubiri mshahara ujao, breki haiwezi.

Breki inashika au inalia baada ya keria kufungwa

Tofautisha kwanza aina ya kelele. Inua nyuma ya baiskeli na uzungushe gurudumu bila mzigo. Mkwaruzo ukisikika mara moja kwa kila mzunguko, diski imepinda mahali pamoja. Huenda iligongwa wakati baiskeli imelazwa chini kwa kazi. Mkwaruzo usiokatika unamaanisha gurudumu au kalipa haijakaa sawa. Na kama kimya bila mzigo lakini inalia ukipakia, mzigo unasukuma kitu, na sasa kazi ni kukijua kitu hicho.

Kwa breki ya waya, mshukiwa wa kwanza ni kile kimkono. Kamata breki kisha uiachie huku jicho likiwa kwenye kalipa. Kimkono kisiporudi hadi mwisho, au kikirudi kwa kuparuza mguu wa keria, pedi zinabaki zimeshika diski. Dalili zake nyingine ni baiskeli kuwa nzito bila sababu na diski kuwa ya moto hata kwenye barabara tambarare. Ongeza bushi, au sogeza kikanyagio cha keria kwenye tundu jingine kama fremu ina mawili.

Kwa breki ya mafuta, fuata paipu kwa kidole toka kwenye kalipa mpaka inapoingia kwenye fremu. Ikiwa imebanwa kati ya mguu wa keria na bomba la fremu, au ndoano ya mkoba inaikalia, itoe hapo leo hii. Paipu haikatiki siku ya kwanza. Inasagika polepole, kisha mafuta yanavuja siku usiyoitarajia.

Ikiwa ulitoa gurudumu ili kupata nafasi ya kufanya kazi, lirudishe upya. Simamisha baiskeli chini kwenye magurudumu yake, legeza kwiki-rilizi, bonyeza siti ili eksele iingie mpaka mwisho pande zote mbili, kisha ufunge. Matatizo mengi ya "keria imeharibu breki" yanaishia hapa. Na kama breki ni ya mafuta, usiiminye gurudumu likiwa nje. Pedi zitafungana na utapata kazi ya kuzitenganisha. Chomeka kadibodi safi katikati yake mpaka gurudumu lirudi.

Breki inayopiga kelele kali na haishiki vizuri imeingia mafuta. Umepaka grisi kwenye bolti, kidole kikagusa diski, au umepuliza mafuta ya cheni na upepo ukayapeleka kushoto. Futa diski kwa alkoholi ya aisopropili na kitambaa kisafi. Mafuta ya taa na petroli yanaacha utando, na spiriti iliyotiwa mafuta ya kulainisha ngozi inazidisha ubaya. Pedi zilizogusa mafuta kidogo unaweza kuzisugua kwa msasa. Zilizonyonya mafuta zibadilishe, na usizipoteze saa nyingi ukizibembeleza.

Bolti zinalegea, au zinakatika

Bolti inayolegea mara moja baada ya safari chache za kwanza ni jambo la kawaida. Rangi na vumbi vilivyobanwa chini ya washa vinakaa sawa, bolti inapata nafasi. Ikaze tena na uendelee. Inayolegea kila mara ina sababu, na sababu zenyewe ni tatu kwa kawaida: bushi laini, nyuzi za fremu zenye rangi ya kiwandani ndani yake, au bolti fupi iliyoshika nyuzi chache. Bolti ya M5 inataka angalau milimita 5 za nyuzi ndani ya fremu. Pungufu ya hapo itazing'oa nyuzi za alumini.

Safisha nyuzi, tia tone la gundi ya bolti ya rangi ya bluu, ile inayokubali kufunguliwa kwa spana ya kawaida, kisha kaza. Kipimo ni nyutoni-mita 5 hivi, ila soma kwanza maelezo ya keria yako. Ukiwa na alenki namba 4 peke yake, kaza kwa mkono mmoja hadi ikatae, na usivishe bomba kwenye alenki kuongeza nguvu. Mikoa ya pwani, Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, bolti za chuma cha kawaida zinashika kutu upesi kwa chumvi ya hewani. Tafuta za stenlesi. Lakini stenlesi ndani ya alumini bila grisi wala gundi inagandamana humo kwa chumvi hiyo hiyo, na siku ya kuifungua itakatikia ndani. Chagua kimoja, grisi au gundi, na usiache nyuzi kavu.

Bolti iliyokatika usiitupe. Itazame mahali ilipokatikia, kwenye mwanga wa jua. Ukiona nusu ya uso ni laini, yenye weusi au kutu, na nusu nyingine inang'aa na ina chenga, hiyo haikukatika leo. Ufa ulianza siku nyingi zilizopita, ukaingia uchafu, ukatembea kidogo kidogo kwa kila tuta na kila shimo, hadi sehemu iliyobaki ikashindwa. Ni kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Hapo bushi ndipo inapohusika: kadiri mguu wa keria unavyokaa mbali na fremu, mzigo unapata mkono mrefu wa kuipinda bolti. Kuweka bolti mpya ileile kwenye bushi ileile ni kuahirisha tu. Punguza urefu wa bushi, tumia bolti ya stenlesi au ya chuma kigumu yenye alama 8.8 kichwani, na kama nafasi ya ndani inaruhusu bila kugusa diski, ongeza nati yenye pete ya nailoni upande wa ndani ili bolti ishikwe pande mbili. Badilisha na mwenzake wa upande wa kulia pia, maana amebeba mzigo uleule kwa siku zilezile.

Tazama vilevile namba iliyogongwa kwenye keria. Nyingi za baiskeli za kwenda kazini zimeandikwa 25 kg, mara nyingi pamoja na ISO 11243, ambacho ndicho kiwango cha kimataifa cha keria za baiskeli. Namba hiyo inahesabu mikoba na vilivyomo. Haimhesabu mtu. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu keria ni kiti cha abiria tangu zamani, na mtoto wa shule akidandia keria ya alumini iliyoning'inia kwenye bolti mbili za milimita 5, anayehatarika ni yeye.

Mkia unayumba

Baiskeli inacheza nyuma ukisimama kwenye pedali, au usukani unatetemeka ukiteremka. Shika siti kwa mkono mmoja na mwisho wa keria kwa mkono wa pili, sukuma kushoto na kulia, kisha mwombe mtu aendelee kusukuma wakati wewe unaweka ncha ya kidole kwenye kila kiungo, nusu kwenye keria na nusu kwenye fremu. Kidole kinahisi mchezo ambao jicho haliuoni. Kiungo kinachocheza ndicho mgonjwa.

Mara nyingi ni vile vyuma vya juu vinavyoishika keria karibu na siti. Vikiwa virefu mno, vimepindwa kama herufi S ili vifike, au ni kimoja tu cha katikati, keria inayumba hata kama chini ni imara. Vifupishe, vinyooke, viwe viwili. Sakafu ya keria ilale tambarare au iinuke kidogo kwa nyuma, maana ikiinamia nyuma mzigo unateleza kuelekea mkiani.

Kama hakuna kiungo kinachocheza, angalia ndoano za mikoba. Ndoano za bomba la milimita 16 zikivishwa kwenye keria ya milimita 10 zinapwaya, na mkoba unapiga ngoma njia nzima. Mikoba mizuri huja na vipande vya plastiki vya kupunguza upana huo. Kama vimepotea, zungusha mpira wa tyubu kuukuu kwenye bomba la keria. Halafu panga mzigo: kizito chini na mbele, karibu na usawa wa eksele, na kushoto na kulia zilingane. Kamba ya chini ya mkoba wa kushoto ifungwe isifikie diski, kwani diski inakata na ina joto.

Kelele ya tiki-tiki kwenye gia moja tu

Cheni ikiwa kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma inagonga kitu, ukipandisha gia kelele inaisha. Bolti ya kulia ni ndefu na ncha yake imeingia ndani. Weka fupi zaidi, au ongeza washa chini ya kichwa chake kwa nje. Mwisho wa bolti uwe sawa na uso wa ndani wa fremu. Usiiendeshe hivyo hata kwa siku moja, maana cheni ikinasa hapo inavunja kihamisha gia.

Kisigino kinagonga mkoba

Sogeza ndoano za mkoba nyuma mpaka kisigino kipite, ukiwa umevaa viatu unavyovaa kila siku. Fremu fupi za michezo hazina nafasi hiyo, na mkoba mdogo zaidi ndio jibu.

Fremu haina matundu

Kwa bomba la mviringo la chuma au alumini, klempu zilizovikwa mpira wa tyubu zinaweza kushika keria, lakini kwa mzigo mwepesi, kompyuta na chakula cha mchana. Klempu zinateleza kuelekea chini zikizidiwa, na zikiteleza upande wa kushoto zinaishia kwenye kalipa. Juu, tafuta kibanio cha siti chenye matundu mawili ya keria. Pima kwa uangalifu unene wa bomba la fremu kabla ya kununua, maana milimita 31.8 na 34.9 zinafanana machoni tu.

Fundi akikuambia atachomelea masikio kwenye fremu ya alumini, kataa. Joto linailegeza alumini kando ya weldi, na ufa utaanzia hapo. Akikuambia atafunga mguu wa keria chini ya bolti za kalipa kwa sababu ziko karibu, kataa pia na kwa sauti. Bolti hizo zimewekwa zishike breki. Keria inatikisika kutwa nzima, itazilegeza, na nyuzi zilizopaswa kuishika kalipa zitakuwa zimeshika mguu wa keria.

Kwa fremu ya kaboni isiyo na matundu, hata klempu haifai, maana kaboni haivumilii kubanwa ubavuni. Keria ya kubana kwenye bomba linaloshika siti, lile linalochomekwa kwenye fremu, inawezekana endapo bomba lenyewe si la kaboni, na nyingi ya hizo zimeandikwa kilo 10 au chini ya hapo. Zaidi ya uzito huo, beba begi mgongoni, au itafutie kazi hiyo baiskeli nyingine.